Jinsi ya kubishana kama fundisho limetoka kwenye Biblia au la, bila kuishia kurushiana mistari

Mabishano mengi ya dini yanaanza hivi, mtu anasema "nionyeshe neno Utatu kwenye Biblia", mwenzake anamjibu "na wewe nionyeshe neno Biblia kwenye Biblia", watu wanacheka kidogo, alafu masaa mawili yanakatika wamerushiana mistari arobaini na hakuna aliyesogea hata hatua. (Kwa taarifa tu, lile jibu la kejeli lenyewe ni bovu, maana kwa Kigiriki neno biblia lipo, 2 Timotheo 4:13, pale Paulo anapoomba aletewe vile vitabu vyake. Tuendelee.)

Nimekaa kwenye mabishano ya aina hii miaka mingi, upande wa kushinda na upande wa kuaibika pia, na nilichokuja kugundua ni kwamba shida sio watu kutokujua mistari, mistari wanaijua mpaka basi. Shida ni lile swali lenyewe. "Je fundisho hili lipo kwenye Biblia?" sio swali moja, ni maswali matatu yamevaa shati moja. La kwanza, neno lenyewe lipo? La pili, wazo lipo, hata kama limesemwa kwa maneno mengine? La tatu, lile umbo linalofundishwa leo na vipengele vyake vyote, lilikamilika lini na kwa mkono wa nani?

Chukua unyakuo. Neno lipo, 1 Wathesalonike 4:17 inasema kabisa "tutanyakuliwa", kwa hiyo anayekuja na gia ya kwamba neno halipo ameshapigwa kabla hajakaa. Wazo la kwamba Yesu anarudi na watu wake wanamlaki lipo pia, hapo hata wanaopinga unyakuo hawabishi. Lakini lile umbo la kwamba kanisa linaondolewa kwanza kabla ya dhiki, dunia inabaki kwenye msukosuko miaka saba, alafu Yesu anakuja tena hadharani, hilo lilipangwa na kuenezwa miaka ya 1830 na mhubiri John Nelson Darby, na likashika kasi kubwa baada ya Biblia yenye maelezo ya Scofield kutoka mwaka 1909. Unaona? Swali moja, majibu matatu, na mawili kati ya hayo ni ndiyo. Sasa kama wewe unajibu la kwanza na mwenzako anauliza la tatu, mtakesha.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa kufanya mtu akikuvaa, usifungue Biblia. Muulize, "ndugu, unaulizia neno, unaulizia wazo, au unaulizia lilivyo leo?" Wengi wanakwama hapo hapo maana hawajawahi kujiuliza, na sio aibu, hata mimi nilikuwa sijawahi.

Na ukishajua tarehe ya fundisho usiitumie kama nyundo. Kuchelewa sio uongo na kuwahi sio ukweli. Wakati Paulo bado yuko hai kulikuwa na watu kanisani Korintho wanasema hakuna ufufuo wa wafu, ipo 1 Wakorintho 15:12, hilo ni fundisho la zamani kweli kweli na Paulo analikataa. Tarehe inakuambia fundisho lilianza kuonekana lini, kama ni sahihi au sio hiyo ni kazi nyingine.

Alafu kabla ya mstari wa kwanza mkubaliane hakimu ni nani. Hapa ndo watu wanaruka na hapa ndo mabishano yanapofia. Mprotestanti anasema Maandiko peke yake yanatosha, Mkatoliki na Mwothodoksi wanasema Maandiko pamoja na mapokeo ya kanisa, alafu wote watatu wanaanza kubishana kuhusu Maria au ubatizo wa watoto wachanga kana kwamba wanatumia rula moja. Hawatumii! Mkatoliki akikuambia fundisho fulani halihitaji mstari wa moja kwa moja hajakwepa swali, kwake yeye hivyo ndivyo inavyofanya kazi, na wewe ukimdai mstari unamdai alipe deni ambalo hakulikopa. Kupalizwa Maria mbinguni kulitangazwa rasmi kama fundisho la lazima mwaka 1950 na Papa Pius XII, na hakuna msomi wao anayejidai kwamba kuna sura inayosimulia tukio lile. Kama unataka kubishana naye, bishana juu ya mamlaka ya kanisa kutangaza, hapo ndo penye mzizi.

Kwenye hili la mamlaka kila upande una mstari wake pendwa na kila mstari una kasoro yake, zijue zote. Wa mapokeo watakupa 2 Wathesalonike 2:15, shikeni mapokeo mliyofundishwa "ama kwa maneno, ama kwa waraka wetu". Mzuri, ila hausemi hayo ya maneno yalikuwa ni yapi, wala kama yalikuja kuandikwa baadaye au hayakuandikwa. Wa Maandiko peke yake watakupa 2 Timotheo 3:16, kila andiko lenye pumzi ya Mungu lafaa kwa mafundisho. Mzuri pia, ila soma mstari wa 15 uliotangulia, Paulo anaongelea maandiko ambayo Timotheo ameyajua tangu utoto, na Timotheo akiwa mtoto hakukuwa na Mathayo wala Warumi, hayo ni ya Agano la Kale. Tena "lafaa" na "latosha peke yake" ni maneno mawili tofauti. Ukiwa Mprotestanti na ukakubali hilo mwenyewe kabla hujabanwa, niamini, mwenzako anakuheshimu ghafla.

Na hakimu sio mamlaka tu, ni vitabu vyenyewe. Waprotestanti wana vitabu 66, Wakatoliki 73, kanisa la Othodoksi la Ethiopia wanahesabu 81. Toharani, yaani kutakaswa kwa roho baada ya kufa, ndo mfano mzuri. Mkatoliki anakupeleka 2 Makabayo 12, Yuda Makabayo anakusanya fedha zikatolewe sadaka kwa ajili ya dhambi za askari wake waliokufa vitani. Mprotestanti anapekua Biblia yake anasema hicho kitabu hakipo. Sasa hapo mnabishana nini kuhusu toharani? Hamjafika kwenye toharani bado, mko kwenye orodha ya vitabu, malizeni hiyo kwanza au mkubaliane kutumia vile mnavyoshirikiana wote, mfano 1 Wakorintho 3:11-15, pale mtu anaokolewa "kama kwa moto". Na hapo pia angalia, Paulo anaongelea kazi za wajenzi wa kanisa kupimwa siku ile, je ni watu wote, je ni mahali? Hapo sasa ndo kuna mabishano yenye maana.

Nije kwenye muktadha. Kila mtu anaimba muktadha muktadha lakini akibanwa yeye anakimbilia Isaya 28:10, "amri juu ya amri, kanuni juu ya kanuni, huku kidogo na huku kidogo", eti ndo kanuni ya kusoma Biblia, unaokota kipande hapa unaunga na kipande kule. Kaa chini usome sura nzima. Kuanzia mstari wa 7 makuhani na manabii wamelewa wanayumba, mstari wa 9 kuna wanaouliza kwa dharau huyu atamfundisha nani, watoto walioachishwa maziwa? Wafafanuzi wengi wanaona yale maneno ya "amri juu ya amri" ni kejeli ya walevi kumwiga nabii kama anayefundisha watoto wa chekechea, na mstari wa 13 unasema matokeo yake ni waende waanguke chali wavunjike. Yaani mstari unaotumika kuhalalisha kuokota okota mistari wenyewe umeokotwa. Nikiwa kwenye mabishano huwa nausubiria huo kama mvuvi.

Njia yangu ni rahisi, mtu akitaja mstari mmoja nasoma kwa sauti mitano ya juu na mitano ya chini, bila kuongeza neno. Mara nyingi hoja inajibiwa na ukimya.

Sasa tuingie kwenye ule mkubwa, Utatu, maana ukijua kubishana huu mingine yote ni mtelemko.

Neno halipo. Kubali haraka, usijitetee. Askofu Theophilus wa Antiokia alitumia neno la Kigiriki la utatu kwenye miaka ya 180, na mwandishi wa Kikristo Tertullian kule Karthage akaja na lile la Kilatini, trinitas, mwanzoni mwa karne ya 3. Wazo ndo penye vita. Wanaotetea wana Yohana 1:1, Yohana 20:28 Tomaso anapomwambia Yesu "Bwana wangu na Mungu wangu", Wafilipi 2, Waebrania 1. Wanaopinga wana Kumbukumbu 6:4, Yohana 14:28 "Baba ni mkuu kuliko mimi", Marko 13:32 Mwana hajui siku wala saa, Wakolosai 1:15 mzaliwa wa kwanza. Hiyo orodha ukiishika kichwani hakuna kitakachokushtua, kwa sababu ni ile ile tangu karne ya 4, Arius mwenyewe, yule kasisi aliyefundisha kwamba Mwana hayuko sawa na Baba, alikuwa na mistari yake, usidhani alikuwa mtu wa kujitungia.

Lakini angalia makosa mawili ambayo yanarudiwa kila siku. La kwanza ni la wapingaji: "kama Yesu ni Mungu, pale Gethsemane alikuwa anamwomba nani?" Linasikika tamu sana. Ila halimgusi mtu wa Utatu hata kidogo, kwa sababu Utatu unasema Baba na Mwana ni nafsi mbili tofauti, kwa hiyo mmoja kumwomba mwingine ni kitu anachokitegemea. Anayeguswa na swali hilo ni yule anayesema Baba ndiye Mwana ndiye Roho, mmoja anabadilisha majina. Yaani umempiga jirani. Ukitaka kumgusa wa Utatu mwulize kuhusu usawa, sio utofauti, mpeleke Marko 13:32 umwulize inakuwaje nafsi iliyo sawa na Baba haijui siku.

La pili ni la watetezi, Yohana 10:30, "Mimi na Baba tu umoja", wanaupiga mezani kama jokeri. Alafu mwenzako akifungua Yohana 17:22 anakuta Yesu anaomba wanafunzi wawe na umoja kama yeye na Baba walivyo umoja, na hakuna anayesema wanafunzi ni Mungu. Mstari bado una uzito, soma mstari wa 33 uone waliomsikia walitaka kumpiga mawe kwa nini, ila peke yake haubebi mzigo wote.

Na kuna mstari mmoja naomba uutoe kabisa kwenye begi lako kama unatetea Utatu, 1 Yohana 5:7, yale maneno ya watatu washuhudiao mbinguni, Baba, Neno na Roho Mtakatifu. Hayapo kwenye nakala za kale za Kigiriki. Msomi Erasmus alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516 hakuyaweka, toleo la 1519 hakuyaweka, akaja kuyaweka 1522 baada ya kelele nyingi. Tafsiri nyingi za sasa zimeyaweka kwenye mabano, au tanbihi, au zimeyaacha kabisa. Ukiutumia huo, mtu anayejua habari hizi atakuchana na hoja zako nzuri zote zitaonekana uchafu. Fundisho halikujengwa juu yake, wale waliolipigania kwenye mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, hawakuutumia, sasa wewe wa nini?

Tukija kwenye umbo, hapo kuna kisa napenda kukisimulia. Athanasius, ambaye kule Nikea mwaka 325 alikuwa shemasi tu amefuatana na askofu wake, anaeleza kwamba maaskofu walitaka kutumia maneno ya Maandiko tupu kuwabana watu wa Arius, ila kila msemo wa Biblia uliotajwa, wale wenzao wanakonyezana na kunong'onezana kwamba huo hata sisi tunaukubali, maana walikuwa na namna yao ya kuuelewa. Ndo ikabidi waingize neno ambalo halipo kwenye Biblia, homoousios, yaani wa asili moja na Baba. Kisa hicho kinatoka upande mmoja, usisahau, lakini kinakuonyesha kitu muhimu kwenye mabishano haya yote: mistari peke yake haikutosha kuamua kwa sababu wote wawili walikuwa wanaikubali. Na imani ya Nikea ya 325 kuhusu Roho Mtakatifu inasema tu "na katika Roho Mtakatifu", basi, nukta. Yale maelezo marefu ya Roho yamekuja na Mtaguso wa Constantinople 381. Kwa hiyo mtu akikuambia Utatu kamili ulitungwa Nikea, sio kweli, na mwingine akikuambia mitume walikuwa wanaukiri kwa maneno yale yale, sio kweli pia.

Hapa niweke kitu ambacho sisi wa Kiswahili tunakisahau, lugha yetu yenyewe inaamua mabishano kabla hatujaanza. Soma Yohana 1:1 kwenye tafsiri ya Union, "naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu". Neno kwa kawaida ni "nalo neno lilikuwa", si ndio? Watafsiri wamempa ngeli ya mtu. Inawezekana wako sahihi, mimi naona wana sababu maana mbele mstari wa 14 Neno anafanyika mwili, ila ujue ni uamuzi wao, Kigiriki hakina ngeli zetu, na neno logos lingechukua kiwakilishi cha kiume hata kama ni maneno ya mtu tu. Vivyo hivyo Roho. Tunasema "roho yangu inauma" ila "Roho Mtakatifu anasema". Mtu anayebisha kwamba Roho ni nafsi kwa sababu Biblia inasema "a" na sio "i" anabisha kwa kutumia kazi ya mtafsiri. Ukitaka ushahidi tumia vitendo, Roho anasema, anahuzunishwa (Waefeso 4:30), anagawa karama kama apendavyo (1 Wakorintho 12:11), alafu mjadiliane kama hiyo ni lugha ya picha au la.

Na ile ya Mungu kwa herufi kubwa na mungu kwa herufi ndogo, ambayo Mashahidi wa Yehova wanayo kwenye tafsiri yao, hiyo nayo huwezi kuimaliza kwa kunyooshea kidole herufi, kwa sababu nakala za kale ziliandikwa kwa herufi kubwa tupu. Wala hazikuwa na alama za vituo kama zetu, ndo maana Luka 23:43 watu wanabishania mkato, "nakuambia, leo utakuwa nami" au "nakuambia leo, utakuwa nami". Anayekuambia mkato wa kwenye Biblia yake umevuviwa mwambie apumzike.

Haya, sasa historia. Niliwahi kuaibika vibaya. Nilikuwa nabisha kwa kujiamini kabisa kwamba Constantine, kaisari wa Roma, na maaskofu wake pale Nikea ndo walikaa wakachagua vitabu vya Biblia wakavichoma vingine. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima amekaa kimya muda wote, akaniuliza kwa upole, "mwanangu, ni kanuni ya ngapi?" Nikakosa pa kushika. Nilipokuja kuzisoma, kanuni za Nikea ziko 20, ya kwanza inahusu makasisi waliojihasi, ya mwisho inahusu kutopiga magoti siku ya Bwana, na katikati hakuna orodha ya vitabu hata ya dawa. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vile vile vya Agano Jipya ni barua ya Athanasius ya mwaka 367, miaka 42 baadaye. Tangu siku hiyo mtu akitaja mtaguso namwuliza swali la yule mama.

Ndugu yake huyo uongo ni ule wa "Jumapili ililetwa na Constantine". Constantine alitoa sheria mwaka 321 mahakimu na watu wa mijini wapumzike siku ya jua, wakulima akawaruhusu waendelee na mashamba, hiyo ni kweli. Ila Justin Mfiadini, mwandishi wa Kikristo wa kama miaka 150 baada ya Kristo, yaani zaidi ya karne na nusu kabla ya sheria hiyo, anaelezea Wakristo wanavyokusanyika siku ya jua, wanasoma maandiko, wanashiriki mkate. Kwa hiyo Constantine aliweka mapumziko, kukusanyika alikukuta.

Msishangilie mapema lakini, nyie wa Jumapili. Kukusanyika Jumapili ni kitu kimoja, kusema amri ya Sabato imehamishwa kwenda Jumapili ni kitu kingine, na hicho cha pili hakina mstari. Matendo 20:7 wamekusanyika kumega mkate, haisemi amri imehama. 1 Wakorintho 16:2 kila mtu aweke akiba kwake. Ufunuo 1:10 inasema siku ya Bwana bila kusema ni ipi. Njia iliyo imara zaidi kwa mtu wa Jumapili ni Wakolosai 2:16, mtu asiwahukumu kwa ajili ya sabato, yaani ahoji kama amri bado inafunga, badala ya kujidai imehama. Na msabato naye atajibu kwamba zile ni sabato za sikukuu, sio ya kila wiki, hapo mtafungua Walawi 23 na Hosea 2:11 na mtakuwa mnafanya kazi ya kweli. Wasabato pia wana kipande kizuri cha historia ambacho hawakitumii vya kutosha, kanuni ya 29 ya mkutano wa Laodikia, karne ya 4, inawakataza Wakristo kupumzika siku ya Sabato. Huwezi kukataza kitu ambacho hakuna anayekifanya. Kumbe karne ya 4 walikuwepo.

Hiyo ni mbinu ya kukumbuka, katazo ni ushahidi. Tertullian anashauri ubatizo wa watoto wadogo ucheleweshwe, hiyo inathibitisha kwamba wakati wake kuna waliokuwa wanabatiza watoto, na inathibitisha pia kwamba kuna aliyeona sio lazima. Kila upande unachukua nusu yake na kukimbia, wewe beba zote mbili.

Kwenye "wewe ndiwe Petro, na juu ya mwamba huu" (Mathayo 16:18, mstari unaotumika kutetea cheo cha Papa), msipoteze usiku mzima kwenye petros na petra. Mprotestanti anasema ni maneno mawili tofauti ya Kigiriki, Mkatoliki anajibu Yesu alimwita Kefa kwa Kiaramu, Yohana 1:42, na huko neno ni moja. Mimi naona Mkatoliki ana hoja hapo. Lakini hata ukimpa Petro mwamba wote, bado kuna hatua ya kutoka kwa Petro kwenda kwa askofu wa Roma na waliomfuata, na Mathayo 16 haizungumzii warithi. Hatua hiyo ndo uidai.

Imani na matendo nayo nenda kwenye maana za maneno moja kwa moja. Luther kwenye tafsiri yake ya 1522 aliongeza "peke yake" kwenye Warumi 3:28, neno ambalo Kigiriki hakina pale, na sehemu pekee ambapo Biblia inatamka "imani peke yake" ni Yakobo 2:24, tena kwa kukataa. Linachoma hilo. Ila Paulo anasema matendo ya sheria, Yakobo anaongelea kumpa chakula mwenye njaa, na imani anayoipiga Yakobo ni ile hata mashetani wanayo. Ukiwalazimisha wote wawili waeleze "imani" ni nini kabla ya kuendelea, nusu ya ugomvi unayeyuka, nusu iliyobaki ndo ya kweli.

Fungu la kumi ndo linalowasha watu kuliko yote, labda kwa sababu lina hela. Malaki 3:10 kila mtu anayo kichwani. Wachache sana wamesoma Kumbukumbu 14:22-29, ambapo fungu la kumi ni nafaka na divai na mafuta na mifugo, mwenyewe unalila mbele za Bwana na nyumba yako, safari ikiwa ndefu unaliuza ubebe fedha, ukifika unanunua chochote roho yako inachotamani, kileo kimetajwa humo kwa jina, na kila mwaka wa tatu linawekwa kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Msome huo kwa sauti kwenye mabishano ya zaka uone sura za watu. Anayetetea zaka ya leo asikimbilie Malaki peke yake, aende Mwanzo 14:20 Ibrahimu kabla ya sheria, na Mathayo 23:23, ingawa hapo Yesu anaongea na Mafarisayo walio chini ya sheria na ile ya Ibrahimu ilikuwa ni nyara za vita, mara moja, sio mshahara wa kila mwezi. Hapo mwenye kutetea ana kazi, lakini anaweza kuibeba akiwa mkweli kwamba anafuata kielelezo badala ya amri.

Vitabu vya nje ya Biblia usiviogope, ila ujue vinathibitisha nini. Didache, kitabu kidogo cha Wakristo wa mwanzo kabisa, sura ya 7 inasema batiza kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu kwenye maji yanayotiririka, yakikosekana maji ya kutosha mimina kichwani mara tatu. Hiyo inakuambia Wakristo wale walifanyaje, haimalizi swali la Mathayo 28:19 na Matendo 2:38, kama ubatizo ni kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu au kwa jina la Yesu, na haikupi ruhusa ya kusema "Biblia inasema".

Kuhusu tabia sitasema mengi. Mstari mmoja kwa wakati, mtu akikurushia saba mwambie achague ule anaouamini kuliko yote tuanze na huo, akikataa kuchagua ujue hana. Ukikosea sema nimekosea na uendelee, usijaribu kugeuza. Ukikwama omba siku mbili. Na maneno kama "mmelishwa" au "kanisa lenu la shetani" yakianza kutoka, funga Biblia uondoke, povu halina muktadha.

Zoezi la kujiandaa ninalolifanya mimi ni hili, chukua fundisho unaloliamini kuliko yote, kaa dakika kumi ulipinge kwa kuandika mistari ya upande wa pili tu, ile yenye nguvu, sio ile dhaifu unayopenda kuijibu. Kama hujapata hata mitatu inayokusumbua, bado hujalisoma fundisho lako, usiende kulibishania kwa mtu leo.